Kaseti ya Harusi Haina Jalada

Asalaam aleikum, na jioni njema kwenu nyote. Mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele, haviumi.

Nimekuja na kaseti. Hii hapa. Ni ya dakika 90, ganda lake limepasuka pembeni, na kwenye karatasi yake mtu ameandika kwa kalamu ya buluu: "Harusi. Majengo. Upande wa kwanza." Basi. Tarehe hakuna, jina la mwimbaji hakuna. Mimi jina nalijua, na wengi wenu mngelijua mkisikia anavyovuta pumzi tu, lakini leo silitaji. Nikilitaja, nusu ya ukumbi huu itasimama, nusu ya pili itacheka, na mhadhara utakwisha kabla ya kahawa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu yetu sisi mashabiki: tunaoandamana na wanamuziki, tunaokesha, tunaogombana. Kijana aliyenialika akanipa na swali la kuanzia: albamu bora kuliko zote ya Mombasa ni ipi? Nimelizunguka swali hili wiki mbili kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma wa nyumba. Mlango sikuuona. Nitawaeleza kwa nini.

Anzeni na baraza. Kwetu Kibokoni, baada ya Isha, kahawa chungu ikishazunguka mara moja, hakosekani mtu wa kurusha kijiwe: "Zein au Bhalo?" Hao ni waimbaji wetu wawili wa taarabu, na hilo ndilo swali letu, la tangu mimi sijaota ndevu. Zein l'Abdin alitoka Lamu na udi wake, ile ala ya nyuzi, akazichimbua tuni za kale za kwao na kuzipaka harufu ya Yemeni na Misri. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alishika kinanda cha mkono na tabla, na tuni zake nyingi alizitoa kwenye filamu za Kihindi, zile zilizokuwa zikionyeshwa Regal na Naaz. Mtu alikuwa akitoka sinema anapiga mbinja tuni ya Bombay, na haupiti muda anaisikia harusini ikiwa na maneno ya Kimvita safi. Bhalo ametutoka 2014, Zein 2016. Swali halikuzikwa pamoja nao.

Sasa sikilizeni jinsi ubishi wenyewe unavyokwenda, maana mgeni akipita hudhani watu wanabishania sauti. Sauti inamalizwa kwa dakika tano. Upande wa Bhalo watakwambia hakuna aliyejaaliwa koo kama lile. Upande wa Zein watakwambia koo si kitu, sikiliza vidole. Hapo bado watu wanatafuna kashata. Vita vyenyewe huanza kwenye maneno. Nani katunga? Bhalo alikuwa na nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, na mtu mwenye mtunzi kama huyo nyumbani anakwenda vitani na mzinga. Zein naye aliimba tungo za mshairi Ahmed Sheikh Nabhany, na ukimtaja Nabhany huhitaji kupaza sauti. Kisha watu wanahesabu mizani, kumi na sita kwa mshororo, nane na nane. Wanatafuta kina kilicholegea. Wanakumbushana wimbo fulani ulimlenga nani, na nani akajibu, na jibu lilitolewa harusi ya nani.

Mmesikia? Harusi ya nani. Katika miaka yangu yote barazani sijapata kumsikia mtu akisema "albamu ile ya mwaka fulani". Husema "ile ya Kuze", "ile ya Mwembe Kuku", "ile iliyonyeshewa mvua".

Mimi, kama mwataka kujua, nililelewa na baba wa Bhalo na mjomba wa Zein. Nikajifunza mapema kunyamaza wakati wa chakula.

Rekodi tulikuwa nazo, si kwamba hatukuwa nazo. Sahani ya santuri ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu, nne kwa kubana, kila upande. Mshairi kaleta beti sita, sahani inataka tatu. Kwa hiyo mwimbaji alikwenda studio na mkasi. Kisha zikaja kaseti, na Mombasa tukapumua. Wale wa rika langu mnalikumbuka duka la Mbwana Radio pale Pigott Place: unaingia na jina la mwimbaji, unatoka na kanda. Wakaja na Wazungu wenye masikio mazuri. Mwaka 1990 ikatoka London albamu ya Zein, Mtindo wa Mombasa, na mwaka huohuo nyingine ya Maulidi Juma. Mwaka 2005 Wafaransa wakatoa mkusanyo wa nyimbo zetu za 1965 hadi 1975, wakautia kwenye mfululizo unaoitwa Zanzibara. Ndiyo, Mombasa ndani ya mfuko wenye jina la Zanzibar. Tumemeza.

Kazi safi zote hizo, na mimi ninazo. Lakini siku nilipompelekea mjomba ile ya Zein, yeye aliyekuwa akimfuata Zein harusi baada ya harusi, alisikiliza mpaka mwisho, macho kafumba. Nikamuuliza vipi. Akasema: "Amepiga vizuri sana. Lakini watu wako wapi?"

Ndipo nirudi kwenye kaseti yangu.

Kuna wimbo humu wa beti sita. Kwenye sahani ungekatwa ukae dakika nne. Humu umekaa dakika 22, na ubeti wa tatu peke yake umerudiwa mara saba. Kilichotokea ni kutunza. Vijana huenda hamjaona kutunza kwenyewe, mmeona noti zikirushwa tu. Kutunza kwa zamani mtu alichagua mahali. Mwanamke ameketi kule upande wa wanawake, ametulia, kanga kajitanda. Ubeti wa kwanza unapita, wa pili unapita. Wa tatu unapoanza, anainuka. Haendi mbio. Noti ameishika juu ya kichwa, na anatembea kwa mwendo wa tabla mpaka kwa mwimbaji, na njiani jicho lake linamgusa mtu mmoja tu. Basi amesema. Maneno ni ya mshairi, sauti ni ya mwimbaji, lakini ujumbe sasa ni wake yeye, umetiwa anwani. Na mwimbaji anajua kazi yake: haendi ubeti wa nne. Anaurudia ule ule.

Kwenye kanda unasikia vigelegele, karibu sana na kinasa sauti, vikali mpaka sauti inapasuka. Mwimbaji anarudia. Kisha vigelegele tena, safari hii mbali, upande wa pili wa turubai. Kumbe aliyeguswa jicho naye ameinuka, na noti yake, kwenye ubeti ule ule! Anarudia. Karibu. Anarudia. Mbali. Mpiga tashkota, ile ala ya asili ya Japani yenye vitufe kama vya taipu, anachekelea. Unamsikia anavyovichokonoa vile vitufe katikati ya mistari kama mtu anayemtia mwenzake kidole mbavuni. Mara ya sita mtoto analia. Mara ya saba upande wa kwanza wa kaseti unakwisha, kwap, na aliyekuwa akirekodi amechelewa kugeuza.

Sasa nambie, hiyo ni albamu ya nani? Ya mwimbaji? Ya mshairi, ambaye pengine usiku ule alikuwa kwake amelala? Mimi naona wale wanawake wawili ndio walioutengeneza wimbo ule ukawa dakika 22. Na jina lao haliko popote, maana kaseti ya harusi haina jalada.

Na mahali pia pana sauti yake. Watu huuliza Mombasa tuna kumbi gani za muziki, na tunaona haya, kana kwamba hatuna. Ukumbi wetu ulikuwa mtaa. Unafungwa kwa turubai, majamvi yanatandikwa, umeme unaungwa kwa jirani, na spika za honi zinafungwa juu ya mti. Ukipigiwa Mji wa Kale, kuta za mawe zimebanana, sauti inagonga huku na kurudi na kumkuta mwimbaji bado hajamaliza neno. Kwa hiyo waimbaji walikuwa wakivuta mwisho wa mshororo kidogo wangoje ukuta umalize. Majengo kuna nafasi, sauti inakwenda zake, hapo mwimbaji anakaza. Mtu mzima wa barazani ukimfungia macho ukampigia kanda mbili, atakwambia ipi ni ya mtaa gani. Nimeona kwa macho yangu, na aliyekosea alinunua haluwa ya watu wote.

Nyingine hatutazisikia kamwe, sisi wanaume. Makesha ya wanawake, vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, chakacha ndani ya ua uliofungwa: huko kinasa sauti kilikuwa haramu, na ilikuwa sawa. Marehemu mama alikuwa akirudi alfajiri, kanga inanuka udi na asumini, sauti imemkauka. Ukimuuliza aliyeimba ni nani, anakwambia: "Lala."

Nisije nikaambiwa Mombasa kwangu ni kisiwa tu. Vukeni daraja la Nyali. Freretown, mji ulioanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yake bado ipo pale Kongowea, ndiko nyumbani kwa bango, na kwa Mzee Joseph Ngala aliyelianzisha. Bango ni saksafoni, ni rumba, ni ngoma za Mijikenda, na mkisikiliza sana mtaisikia taarabu imechungulia dirishani. Nilipoanza kwenda kule, mimi mtoto wa Kibokoni, nilidhani nitakuta watu wa aina nyingine. Nikakuta baraza lile lile, ila chupa zimechukua nafasi ya vikombe. Wanabishana: sherehe ile ya Kisauni, saksafoni ilipoingia kabla ya wakati na bendi nzima ikaifuata, lilikuwa kosa au lilikuwa kusudi? Mzee mmoja aliniapia ni kusudi. Mwingine akaapa kwa mama yake ni kosa, na kwamba ndilo kosa tamu kuliko yote. Na bango hupigwa arusini na matangani pia, kwa hiyo wana kumbukumbu za pande zote mbili. Sisi hatuna hilo.

Hotelini nitapita upesi. Them Mushrooms, vijana wa Kaloleni ya Kilifi, walipigia watalii, wakautoa ule wimbo wa salamu ambao ulimwengu mzima unaujua. 1983 hata Boney M wakautoa kwa sauti yao. Ni kazi ngumu ile, dakika arobaini na tano kwa mtu anayeondoka Jumamosi. Lakini hadhira inayobadilika kila wiki haina wa kubishana naye, na mimi nazungumzia ubishi.

Sasa siku hizi. Turubai limekuwa ukumbi wa kukodi, bendi imekuwa kinanda cha umeme na mtu mmoja, na saa sita usiku mwenye ukumbi anaangalia saa yake, hasa tangu kanuni za kelele za 2009. Simlaumu, hata jirani ana haki ya kulala. Simu ndizo zinazonichoma. Watu mia wanarekodi, kila mmoja sekunde thelathini, kila mmoja kajiweka mwenyewe mbele. Asubuhi hakuna hata mmoja mwenye wimbo mzima.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, nimelalamika vya kutosha, nishuke. Lakini mwezi uliopita kimenitokea kitu, na nitakuwa mwongo nikikificha.

Ule ubeti wa tatu, yakhe, una neno la mwisho ambalo barazani kwetu tumeligombania zaidi ya miaka ishirini. Kina ni "nga", hapo hakuna ubishi. Wengine wanasikia "tanga", na ikiwa "tanga" basi wimbo wote ni wa mpenzi aliyesafiri, na yule mwanamke wa kwanza alikuwa akilia mapenzi. Wengine wanasikia "janga", na ikiwa "janga" basi ni matusi matupu, yametiwa sukari, na yule wa pili alikuwa na kila sababu ya kuinuka. Watu wameacha kusalimiana siku tatu kwa neno hili. Na katika mara zote saba, linapofika, ama vigelegele vinalifunika, ama mtoto.

Mpwa wangu, anayefanya mambo ya kompyuta, akaichukua kaseti. Akaitia kwenye programu, akaisafisha. Akaondoa jenereta, akaondoa vigelegele, akaondoa mtoto. Tena akakata marudio, kwa nia njema kabisa, akanitumia kwenye simu: dakika nne na kidogo. Nilimfokea. Nilimwambia umewaua watu wote waliokuwa harusini. Akasema: "Mjomba, sikiliza kwanza."

Nilisikiliza ndani ya feri ya Likoni, vidude masikioni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na mama mwenye kuku. Ubeti wa tatu ukaja, kimya, safi kama maji ya mtungi. Neno likafika.

Si "tanga". Wala si "janga". Ni neno la tatu, lina kina kile kile, na kati yetu sote hakuna hata mmoja aliyewahi kulitaja. Na kwa neno hilo wale wanawake wawili wote wawili walikuwa na haki ya kuinuka.

Barazani bado sijawaambia. Jumamosi iliyopita ubishi uliwaka tena, nikanywa kahawa yangu, nikasema mimi bado niko upande wa "tanga".

Naona mzee kule nyuma ameinua mkono kabla hata sijamaliza. Mzee wangu, swali lako nalijua. Uliza jingine.