Mwacheni Karani, Ofisi Iseme Yenyewe

Nitalisema tena, na wale waliokwisha kunisikia wanivumilie: ukitaka kuikejeli ofisi ya serikali, usimtukane karani. Karani ana mshahara mdogo na bosi mkali. Ukimrukia yeye, ofisi inaponea hapo. Ipe ofisi mdomo, iseme, tena imsifu raia wake. Lile shairi la mshairi Auden la mwaka 1939, "The Unknown Citizen" (Raia Asiyejulikana), mnalijua, silisimulii. Anayesema mle ni serikali, na kila sifa inatoka kwenye faili.

Sasa tuje kwetu Uganda. Namba ya kitambulisho cha taifa ina herufi na tarakimu 14: inaanza C ya raia, inafuata M au F, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Kwa mtunzi wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, hii ni neema. Hesabuni: moja hadi tisa, kila tarakimu ina mizani, yaani silabi, mbili. Hata nne, ile n ya mbele inahesabiwa peke yake. Tarakimu nne, mizani 8, ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mshororo, umejaa! Mharibifu ni sifuri, ana mizani tatu. Na ziandikeni kwa maneno. Ukiandika 90, mmoja atasoma tisini, mwingine tisa sifuri, na mshororo umekwenda upogo.

Raia huyu ni mwema, faili lake timamu,
Hakuwahi kulalama, alijaza kila fomu,
Foleni alisimama, saa sita kwa nidhamu,
Sita tisa saba nane, jina lake si muhimu.

Tusi liko wapi? Halipo. Zile saa sita za foleni zimewekwa kama sifa, na ofisi haioni aibu kuzitaja. Wengi wenu mnaanza vizuri hivi, halafu beti ya mwisho mnavua kinyago na kuhutubia: "Enyi viongozi!" Ikateni beti hiyo. Msomaji si mtoto.

Najua kuna atakayeninong'onea kwamba Kiswahili kwetu ni lugha ya askari. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado kuna wanaoshtuka wakikisikia nyuma yao. Basi washtuke! Shairi linaloiga amri litapata wapi lugha bora kuliko ile ambayo watu wameizoea ikiwaamrisha?

Vina vya kati nilitaka kuvigusa, muda umeniishia. Viambatanisho pia: barua ya mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), muhuri, nakala mbili. Vitajeni kwa mpangilio ule ule ofisi inaovidai, msipambe. Na kiitikio msihangaike kukitunga, kipo dirishani kila siku: "Mtandao umekata, tafadhali rudi kesho." Pimeni, ni 8 kwa 8. Mniletee beti tano tano Jumamosi, na atakayemtukana karani anarudia zote.