Blondie Kabla ya Aproni

Asanteni, na mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo tunamzungumzia Blondie, yule binti wa katuni za magazeti ya Marekani, na najua wengi mnamjua kama mama wa nyumbani mwenye mume wa kulala kwenye kochi na kula sandwichi refu kama mnara, sasa huyo simtaki, mimi namtaka yule wa tarehe 8 Septemba 1930, siku mchoraji wake Chic Young alipomtoa gazetini mara ya kwanza. Aliitwa Blondie Boopadoop, jina lenyewe tu linacheza dansi, na kazi yake kuvaa, kutoka na kuwapagawisha wavulana. Flapa kamili.

Flapa, kwa ambao hamjakutana naye, ni binti wa Marekani wa miaka ya 1920, nywele kakata fupi, gauni limepanda, kura kapata 1920 na jioni hataki kuulizwa anaenda wapi. Magazeti yalimpenda maana alikuwa anauza. Ila kuna kitu watu wanakisahau na ndicho kilichonileta hapa: wengi wa mabinti hawa wa katuni walikuwa na kazi. Winnie Winkle wa Martin Branner alianza 1920, na yeye ndiye aliyekuwa analisha nyumba, wazazi wote wanamtegemea. Tillie wa Russ Westover, 1921, alikuwa karani kwenye kampuni ya mavazi ya bwana Simpkins, basi vichekesho vyake ni vya ofisini tu, kachelewa, bosi kanuna, mwenzake wa kazini Mac, mfupi wa watu, anampenda lakini yeye macho yako kwa mwingine mwenye gari. Unacheka, ila nyuma ya kichekesho kuna taipu na kuna mshahara.

Na si wanaume tu waliowachora. 1925 Ethel Hays alianza Flapper Fanny Says, kiboksi kimoja, picha ya binti na sentensi moja, basi, mistari myembamba isiyo na wasiwasi hata kidogo. 1930 akaipokea Gladys Parker, naye alikuwa pia mbunifu wa mavazi, kwa hiyo nguo za Fanny ni nguo ambazo fundi angeweza kuzishona. Kwa uchoraji hawa wawili wanampita Chic Young mbali sana, anayebisha tukutane kwenye chai.

Tatizo la Blondie ni kwamba alichelewa kuzaliwa. Soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, watu wako kwenye foleni za mkate halafu gazeti linawaletea binti anayezungushwa mjini na Dagwood Bumstead, mtoto wa tajiri wa reli, nani atacheka? Wasomaji wakaanza kupungua. Young akatafuta njia: Dagwood anataka kuoa, wazazi wanakataa katakata, binti gani huyu hana mbele wala nyuma, basi jamaa akagoma kula! Na akagoma kweli, gazeti baada ya gazeti, kalala kitandani anakonda huku wasomaji wanahesabu naye, siku 28, saa 7, dakika 8 na sekunde 22. Wazee wakasalimu amri lakini urithi wakamnyima, na tarehe 17 Februari 1933 ndoa ikafungwa.

Uone ujanja ulipo. Nchi nzima ina njaa, na huyu anapata mke kwa njaa, kisha anabaki hana kitu sawasawa na anayemsoma. Katuni ikapaa. Aliyeumia ni Blondie, maana akavishwa aproni na ule utundu wote ukaisha. Na hakuwa peke yake, Fritzi Ritz naye, flapa wa tangu 1922, mwaka huohuo wa 1933 Ernie Bushmiller akamletea mpwa anaitwa Nancy, kufika 1938 katuni imebadilishwa jina ni ya mtoto, shangazi kawa mtu wa kupita tu.

Winnie ndiye sikuzote namshangaa. Aliolewa 1937 lakini katuni yake ilidumu mpaka 1996, na mimi naamini ni kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa na kazi ya kufanya, dansi ilikuwa nyongeza. Blondie ilibidi asubiri hadi 1991, Chic Young keshafariki na mwanawe Dean ndiye anaendesha, ndipo akafungua biashara ya kupikia shughuli na jirani yake Tootsie. Miaka 58 baada ya harusi jamani!

Haya, maswali. Dada mwenye kilemba, anza wewe.