Kuibiwa si kupotelewa

Assalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, vijana, hamjambo.

Mnaonifahamu hapa Tanga mnajua naanzia wapi: kwenye karatasi ya upotevu, ile ya polisi ya kuonyesha umepotelewa na kitu.

Nilikwapuliwa simu Ngamiani, mchana kweupe, na kijana aliyepakiwa kwenye pikipiki. Nikaenda kituoni. Askari akaniuliza, "Mama, umeibiwa au umepotelewa?" Nikamwambia nimeporwa. Akanieleza kwa upole kabisa: ukiandikisha wizi linafunguliwa jalada, utaitwa kutoa maelezo, utakwenda na kurudi. Ukisema umepotelewa, karatasi unaipata sasa hivi, unakwenda kurudisha laini yako. Nyuma yangu foleni, kwenye kikapu changu samaki wawili wameanza kulegea. Nikashika ile kalamu iliyofungwa kwa uzi pale kaunta, nikatia saini kwamba nimepotelewa. Mimi, ninayewasemesha kila mwaka kwamba wizi uandikwe wizi!

Basi kwa hesabu za polisi, wizi ule haukutokea. Anayepanga doria ya Ngamiani atapangaje kwa asichokiona?

Mtasema simu moja si kitu. Haya, nani humu ameibiwa akaandikisha upotevu? Nyoosheni mikono. Angalieni wenyewe, ukumbi mzima.

Na yule atakayesema huu ni umaskini wetu, wenzetu wanahesabu vizuri, anisikilize. Marekani ina idara za polisi zaidi ya 18,000, na kuipelekea FBI, idara yao ya upelelezi ya taifa, takwimu za uhalifu ni hiari kitaifa. Mwaka 2021 walipohamia mfumo mpya, polisi wa New York na wa Los Angeles hawakupeleka. Miji miwili mikubwa kuliko yote kwao! Ule mfumo wa zamani, wa tangu 1930, ulihesabu kosa moja tu, lile zito zaidi: mtu akiporwa kisha akauawa, mauaji yanahesabiwa, uporaji unapotea. Lakini wenzetu tangu 1973 wanaziuliza kaya zenyewe, umetendewa nini, uliripoti au hukuripoti. Hilo ndilo nalitaka, kila mtaa.

Nilikuwa na la PF3, ile fomu ya polisi anayopewa aliyejeruhiwa aende nayo hospitali: wanawake wanaopigwa wakatibiwa, jalada lisifike popote. Mwenyekiti ananionyesha saa. Tutalizungumza.

Jumatatu narudi kaunta ileile, karatasi yangu ibadilishwe iandikwe wizi. Mwenye karatasi kama yangu aje nayo, saa mbili asubuhi, tuondoke pamoja kutoka hapa nje.