Kupaka rangi ukuta wa kwenye ngazi bila kuvunjika shingo

Haya jamani, karibuni tena. Leo ni ule ukuta unaotesa watu, wa juu kule kwenye ngazi za ghorofa. Na kabla hatujachanganyana, Kiswahili kimetutegea hapa, za nyumba ni ngazi na ya fundi nayo ni ngazi, kwa hiyo leo zile za nyumba naziita vidato, hii ya alumini ndo ngazi. Tumeelewana?

Kusugua ukuta, kubandika tepu, mnajua, napita.

Ngazi ya kawaida ya umbo la A, zile miguu yote sawa, usiilete kwenye vidato, na usiniambie utainyanyua kwa matofali. Tunatumia hii ya kukunja, kila upande unarefuka peke yake. Upande mfupi unakaa kidato cha juu, mrefu chini, unarekebisha mpaka vipandio vilale sawa.

Sasa sikilizeni. Ukirefusha mguu, loki inalia kach! Kulia kach, kushoto kach. Ni mbili. Mimi siku moja nilisikia moja tu, nikapanda, ngazi ikazama upande mmoja, ndoo ya lita 4 ikateremka vidato vyote mpaka mlangoni na mimi huku juu nimekumbatia reli kama mtoto wa nyani. Mbili jamani! Halafu itikise kwa mkono kabla hujapanda.

Ngoja, ngoja, simamisha hapo... mmeona huo mguu wa nyuma? Umekanyaga nailoni, mimi sikuona, kamera ndo imeona. Toa kabisa. Nailoni kwenye kidato ni sabuni tupu, tandika turubai la kitambaa, na pale miguu ya ngazi inapokaa acha kidato kitupu, futa na vumbi.

Ukiwa na ngazi ndefu ya kuegemeza, kila mita 4 kwenda juu, miguu itoke mita 1 kutoka ukutani, na isukume igote kwenye kidato cha nyuma yake. Ncha za juu zivalishe soksi kuukuu zisichore ukuta. Vipandio 3 vya mwisho juu havikanyagwi.

Kuna wanaolaza ubao kati ya ngazi mbili, inafaa kama ukuta ni mpana na ubao ni mnene, ila mimi siupendi, rola ya mpini mrefu inanifikisha. Ukiona kitovu kimetoka nje ya ngazi, shuka uisogeze, usijinyooshe. Ndoo itundike kwa ndoano, mkono mmoja ubaki umeshika. Na walioko ghorofani waambie, mtu asije akashuka mbio.

Wanaouliza kama hii ngazi naikodisha, ndiyo, lakini utafunga loki mbele yangu kwanza, nisikie mbili.