Saratani ya Tezi Dume: Nani Anakuchagulia Tiba?

Nimelisema hili mara nyingi, na wanaonijua wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni. Tiba ya saratani ya tezi dume mara nyingi huamuliwa na mlango wa kwanza ambao mgonjwa alibisha hodi.

Mwaka 2000 kulichapishwa utafiti wa Marekani. Wapasuaji wa njia ya mkojo na madaktari wa mionzi waliulizwa kuhusu mgonjwa wa aina moja: saratani haijatoka nje ya tezi, na anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 10. Asilimia 93 ya wapasuaji wakachagua kisu. Kwa wale wa mionzi, asilimia 72 wakasema mionzi ni sawa tu na kisu. Hakuna aliyedanganya. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wanavuta kwa nia njema, ndiyo maana huwashtukii. Basi majibu ya kinyama, kile kipande cha tezi kinachokatwa kupimwa saratani, yakitoka, mwone mpasuaji, mwone na wa mionzi, ndipo useme ndiyo.

Namwona ndugu pale anatikisa kichwa: nizunguke huku saratani inanila? Sikiliza. Uingereza, wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwa bahati nasibu: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika asilimia 4 katika kundi lolote. “Kwa hiyo tusitibiwe?” Jamani! Waliofuatiliwa, saratani iliwasambaa kwa wingi zaidi, na zaidi ya nusu yao hatimaye walitibiwa. Ninachosema ni kwamba saratani ya aina hiyo inakupa wiki kadhaa za kufikiri. Ile kali, au iliyokwisha kufika kwenye mifupa, ina haraka yake.

Mengine nayapitia mbiombio. Alama ya Gleason, ya ukali wa saratani kwenye darubini: 6 si sawa na 9, hiyo 9 ndiyo kali. Umri, moyo, kisukari: mzee mwenye moyo dhaifu huenda saratani isimwahi. Halafu madhara. Kisu huvujisha mkojo zaidi, mionzi husumbua haja kubwa, na vyote viwili hugusa nguvu za kiume. Hilo la mwisho wanaume hawaulizi. Wanaouliza ni wake zao, tena mlangoni wakiondoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tiba ya homoni nilikuwa nimeiandalia kurasa tatu, basi tena. Mama pale mbele, uliza.