Kabati Lenye Kufuli Si Maktaba

Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumzie uanzishaji wa maktaba za kuazimisha vitabu kwa watoto wa shule za vijijini. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema hili katika vikao vingine, nami nitalisema tena, kwa sababu makabati bado yamefungwa.

Katika shule nyingi ninazozitembelea naambiwa maktaba ipo. Nikiomba kuiona, mtoto hutumwa kumtafuta mwalimu mwenye ufunguo, na mwalimu huyo akipatikana tunaingia ofisini, kabati la chuma linasukumwa kwa goti mpaka lifunguke, na ndani yake mna vitabu vya hadithi ambavyo kurasa zake bado zimegandana, na juu yake mavi ya mjusi. Leja, hata hivyo, ni safi kabisa: idadi iliyopokelewa na idadi iliyopo zinalingana. Mwalimu huifunua kwa fahari, lakini mimi huisoma kama ushahidi kwamba hakuna mtoto aliyeazima hata kimoja.

Simlaumu mwalimu huyo. Akihamishwa, atakabidhi ofisi kwa maandishi. Mkaguzi akija, atahesabu nakala. Kitabu kikikosekana, atakayeulizwa ni yeye, wala hakuna atakayemuuliza ni watoto wangapi wamepata kusoma kwa ufasaha. Kwa hali hiyo kufunga kabati ndiyo salama yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maktaba haianzi na rafu wala jengo, bali na kikao cha kamati ya shule kinachokubaliana, na kuandika katika muhtasari, kwamba vitabu vya hadithi vimeletwa vitumike hadi vichakae, kwamba baadhi vitapotea, na kwamba mwalimu aliyeviazimisha kwa utaratibu hatadaiwa. Muhtasari huo ubandikwe ndani ya leja, ili mkaguzi akiifungua aukute.

Mtaniambia watoto watavichana. Ni kweli, watavichana, na ndiyo maana shule iwe na gundi, uzi na sindano. Mtaniambia basi aliyepoteza alipe. Hapana, na hapa sitalegeza hata kidogo. Siku mzazi mmoja atakapotozwa fedha, wazazi wengine watawakataza watoto wao kuazima, na watakaokatazwa mwanzo ni wale ambao nyumbani kwao hakuna maandishi yaliyochapwa ila kalenda ya ukutani. Mtoto aliyepoteza aje aeleze, iandikwe, na wiki inayofuata aazime kingine.

Wapo pia wanaohoji kwa nini tuhangaike na vitabu vya ziada wakati vya kiada havitoshi. Tangu mwaka 2015 mtaala wetu wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sasa mtoto aliyekwisha kujua kuunganisha silabi atauzoesha wapi ujuzi huo, ikiwa darasani anachungulia ukurasa mmoja na wenzake watatu, na akifika nyumbani hana cha kusoma? Kitabu cha hadithi akikaa nacho wiki nzima, atakisoma, atakirudia, atamsomea na bibi yake asiyejua kusoma.

Anayedhani mazingira yetu ni magumu mno atazame Kenya, ambako tangu mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa, kwa jamii za wafugaji wanaohama na mifugo yao. Ikiwa mtoto wa mfugaji anaaminiwa kitabu, sioni kwa nini wetu, ambaye nyumba yake mwalimu anaijua na mama yake anamjua kwa jina, asiaminiwe.

Kazi yenyewe ni ndogo. Chukueni daftari la kaunta, mpige safu za jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Namba iandikwe ndani ya jalada, na jalada lifunikwe kwa karatasi ya kaki. Wanafunzi wawili wa darasa la sita, mmoja msichana na mmoja mvulana, wakae na daftari hilo kila Ijumaa mchana, mwalimu akiwa karibu.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kueleza kwa kirefu uchaguzi wa vitabu, lakini nitasema hili tu: hadithi za Kiswahili za watoto zipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia uchapishaji wake nchini tangu mwaka 1991, kwa hiyo msipokee maboksi ya vitabu chakavu vya kigeni kwa sababu tu ni vya bure. Kuhusu mchwa, rafu isigusane na ukuta wala sakafu. Na shule zifungwapo Desemba, kabati libaki tupu: kila mtoto aondoke na kitabu, na wale wa darasa la sita wavipokee Januari.