Oili ya Gia: Mazungumzo na Wavuvi Dikoni

Asalaam aleikum. Manahodha, mabaharia, nanyi kina mama wenye vyombo, ahsanteni kwa kunipa nafasi kabla maji hayajajaa.

Leo nazungumzia mashine za boti, zile zinazofungwa nyuma ya chombo, lakini sitagusa kabureta wala plagi. Hizo zikiharibika mashine haiwaki, na fundi anaitwa siku hiyohiyo. Nataka tuzungumze gia zilizo chini kwenye mguu, ile sehemu ya mashine inayozama majini, mbele ya propela, ambazo zinaweza kuliwa mwezi mzima huku mashine inakwenda vizuri tu.

Mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa wote, injini inaweza kupita mizunguko 5,000 kwa dakika. Nguvu hiyo inashuka kwa shafti ya wima, kisha inakata kona kwenda kwenye propela. Kona yote inabebwa na pinioni moja, yaani gia ndogo, na gia mbili kubwa, na vyote vinaogelea kwenye oili kidogo mno: mashine ya farasi 15 inachukua kama robo lita.

Maji yanaingiaje? Mara nyingi ni kwenye sili ya shafti ya propela, ule mpira wa duara unaozuia maji yasiingie na oili isitoke. Mshipi wa nailoni au uzi wa jarife ukijisokota nyuma ya propela, unajikaza mpaka unaila sili. Chombo kinakwenda kama kawaida. Mnafika, mnazima, mguu uliokuwa moto unapoa majini, oili inasinyaa, na humo ndani panavuta maji ya chumvi. Beringi ndizo zinazoanza kupata kutu.

Sasa, kukagua. Mguu una skrubu mbili za oili, ya chini ya kutolea na ya juu ya kupitisha hewa. Wengi wanazifungua mara tu wakitoka baharini, wakati oili na maji bado vimekorogeka. Simamisha mashine wima, iache usiku kucha. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini, ya juu usiiguse. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, yatatangulia kutoka. Ikija rangi ya chai ya maziwa, yamekwisha kuchanganyika. Oili nyeusi inayonuka kuungua imepitwa na muda, au ilikuwa pungufu. Isugue vidoleni. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni meno ya gia.

Wenye mashine za Johnson na Evinrude za zamani, angalieni sana. Baadhi zina skrubu nyingine ya kichwa cha msalaba karibu na ya kutolea oili. Hiyo inashikilia mtambo wa kubadilisha gia. Ukiifungua, mambo yanaachia ndani, na mguu itabidi ushushwe wote. Ndiyo maana fundi anacheka akikuona unakuja nao begani.

Kujaza ni kwa tundu la chini, kwa pampu au kwa kuminya chupa, mpaka oili itokee juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe mpira wa pampu au chupa na kufunga ya chini haraka. Ukimimina kwa juu, hewa inanaswa. Weka gasketi mpya, zile washa za kuzuia kuvuja, kwenye skrubu zote mbili. Oili iwe ya gia za boti, hasa ya uzito wa SAE 90, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ile ya kuchanganya na petroli ni nyepesi, haizilindi gia.

Mara ngapi? Vitabu vingi vya mashine vinasema kila saa 100 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Mvuvi anayeendesha saa 6 kwa siku anazimaliza saa 100 kwa siku 17, basi miezi 6 isikudanganye.

Kijana pale ameuliza kama kubadilisha oili yenye maji kunatosha. Hakutoshi. Vua propela, kata mshipi wote, badilisha sili. Ukitaka kujua panapovuja, toa oili, ingiza hewa taratibu kwa pampu ya mkono kupitia tundu moja, jingine ukiwa umeliziba, halafu zamisha mguu kwenye pipa la maji. Mapovu yatakuonyesha. Na ile oili chafu iingie kwenye dumu iende gereji, isimwagwe hapa mchangani tunapoanikia dagaa.